Shoo za roki za kutazama nyumbani: hela ni moja, uanze na ipi?

Juni na Julai hapa Mbeya jioni haina pa kwenda. Saa moja usiku baridi ishaingia kwenye mifupa, mtu unajifunika blanketi na kuwasha sabufa. Mimi huweka shoo za roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu ambamo mpiga kinanda anaachiwa dakika nne peke yake na hakuna anayelalamika. Aliyekulia na taarabu ya robo saa haimtishi.

Vijana wa kazini huniuliza waanze na ipi. Nami huwajibu kwa swali: ilipigwa kwa filamu au kwa utepe wa video? Mwaka usikudanganye. Filamu ya milimita 35 ya zamani, ikisafishwa leo, inatoa picha kali hata kwenye TV kubwa. Utepe wa video ulikuja baadaye, lakini picha yake ina kikomo, na kikomo hicho hakisogei.

Ndiyo maana namba moja yangu ni ya zamani kuliko zote: bendi ya Kiingereza ya Pink Floyd wakiwa Pompeii, Italia, Oktoba 1971. Mwongozaji Adrian Maben aliwapiga picha ndani ya uwanja wa kale wa Warumi, bila watazamaji. Umeme wa pale uliwashinda, siku zikapotea, mpaka waya mrefu ukavutwa kutoka mjini kupitia barabarani. Mtu wa Mbeya haelezwi hiyo mara mbili. Tazama wimbo wa “One of These Days”. Kamera imemganda mpiga drams Nick Mason karibu muda wote. Kijiti kimoja kinamponyoka, mkono unachomoa kingine, na mdundo hauyumbi. Nimekirudia kipande hicho hadi watoto wanakijua. Kuna pia mbwa anayebweka mbele ya maiki huku mpiga gitaa David Gilmour akipuliza kinanda cha mdomo, kipande kilichopigwa Paris. Mke wangu alikitazama mara moja, akasema hawa wazungu wana muda, akarudi jikoni.

Ila angalia toleo. DVD ya 2003 imechomekewa picha za kompyuta za sayari na anga, ambazo kwangu ni uchafu; bahati nzuri filamu ya mwanzo imo humo humo kama nyongeza. La kununua ni la 2025, lililosafishwa kutoka negativu zenyewe, sauti ikachanganywa upya na mwanamuziki Steven Wilson.

Namba mbili ni “Delicate Sound of Thunder”, bendi hiyo hiyo, Agosti 1988 kule Long Island, New York. Roger Waters, mpiga besi wao, alikuwa ameshajiondoa. Nayo ni filamu ya milimita 35, na toleo lililohaririwa upya, lililotoka ndani ya boksi la 2019 kisha likauzwa peke yake 2020, ni kama shoo nyingine kabisa. Kaseti ya zamani usiiguse.

Wengi watanigombeza kwa kuiweka “Pulse”, ya Pink Floyd pia, ya tatu. Ilipigwa Earls Court, London, tarehe 20 Oktoba 1994, ina albamu ya “The Dark Side of the Moon” nzima, na ule mpira wa vioo unaofunguka kama ua wakati Gilmour anavuta solo la mwisho la “Comfortably Numb”. Kwa taa haina mpinzani. Lakini ni utepe wa video, na DVD yake ya 2006 kwenye TV kubwa inaonekana kama umesahau kufuta kioo. Kama una TV ndogo na sabufa nzuri, ipandishe iwe ya kwanza, sitabishana.

“Rush in Rio” ya bendi ya Rush ya Kanada, uwanja wa Maracanã, Novemba 2002: nunua kwa ajili ya mashabiki. “YYZ” ni wimbo usio na maneno, na umati wa Brazili unauimba hivyo hivyo, unaruka. Kelele zao wakati mwingine zinameza gitaa. “Yessongs” ya Yes, Desemba 1972, muziki ni wa moto ila picha ni giza. Iache mpaka uwe mgonjwa kama mimi.

Sasa, kununua. Niliwahi kuagiza DVD ya Marekani, ikafika na basi, deki ikaikataa. DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia (region), kila eneo na namba yake: Marekani ni 1, Tanzania ni 5. Geuza kasha, tafuta 0 au ALL, yaani maeneo yote.

Ukijaziwa kwenye flashi pale Mwanjelwa (bendi haipati hata senti, ujue), kuna mtego. Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi GB 4. Kijana wa dukani hatakuambia. Atalibana faili mpaka liingie, na utapewa Pompeii yenye ukungu wa Uyole. Mwambie aibadilishe flashi iwe exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, ukishahakikisha TV yako inaisoma.

Kabla hujalipa, omba akufungulie mwanzo wa “Echoes”, wimbo ulio kwenye Pompeii. Ni noti moja ya piano, kama tone la maji linaloanguka kwenye pipa, halafu kimya, halafu tone jingine. Kama katikati ya matone unasikia mchakacho, chukua flashi yako uondoke.