Jiko lipi ununue Arusha? Yaulize makande

Kabla hujaingia dukani, jiulize: nyumbani kwako ni chakula gani kinachokaa motoni kuliko vyote? Kwangu, mtaa wa Sakina, ni makande. Chai na mayai havimalizi nishati ya mtu. Kinachomaliza ni mahindi na maharage yanayotokota kuanzia saa nane mchana hadi magharibi.

Na huku kwetu yanatokota kuliko Dar. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100. Chochea utakavyo, joto la maji halipandi; maji ndiyo yanakauka. Wifi yangu wa Tanga alipokuja kutembea alidhani tunauziwa maharage ya zamani. Moshi mjini iko chini kidogo, huko maji hufika kama 97.

Kwa hiyo majiko haya nimeyapanga kwa kuangalia makande kwanza, kisha mfuko, kisha miti inayokatwa.

1. Presha kuka ya umeme

Mfuniko ukifungwa mvuke unabanwa, na joto ndani linafika nyuzi 110 au kuzidi. Suala la mwinuko limeisha. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva ndani ya dakika thelathini au arobaini, makande saa moja hivi. Jiko la wati 1,000 haliwaki muda wote: likishapata presha hujizima, kisha huwaka kidogo kidogo kulinda joto. Chungu cha maharage kinakula kama nusu uniti.

Nusu uniti ni pesa ngapi? Inategemea uko kundi gani TANESCO. Walio kundi la matumizi madogo, D1, uniti 75 za mwanzo za mwezi ni shilingi 100 kila moja, wakivuka hapo ni 350. Walio T1, kundi la matumizi ya kawaida, ni 292. Hizo ni bei kabla ya kodi na tozo. Maana yake hata mtu wa T1 anachemsha maharage kwa chini ya shilingi 200. Mtu wa D1 anayegusa uniti 70 kila mwezi apige hesabu kwanza, maana jiko linaweza kumvusha mstari bila yeye kujua, na pasi na friji vikaanza kulipiwa bei ya juu. Tatizo hapo si jiko, ni kutoangalia mita.

Lita 6 zinatosha familia ya watu watano au sita. Maharage usijaze kupita nusu, yanavimba na kutoa povu. Muulize muuzaji kama anao mpira wa mfuniko wa akiba. Akikuangalia kama umemuuliza habari za mwezini, nenda duka lingine, kwa sababu mpira ndio huchoka mapema. Sufuria ya ndani ya chuma cha pua inadumu kuliko ile iliyopakwa rangi nyeusi, hasa kama anayeosha vyombo hapendi sifongo. Na chukua yenye plagi ya miguu mitatu. Mimi nilichukua ya miguu miwili, nikachomeka kwa adapta ya buku mbili, wiki ya tatu adapta ikayeyuka ukutani. Dukani niliambiwa, "Hiyo ni ya umeme wenu, si ya jiko."

Umeme ukikatika katikati, usifungue. Joto lililobanwa linaendelea kupika peke yake kwa muda mzuri.

Kasoro yake kubwa ni ugali. Hausongeki humo, usijaribu. Ndiyo maana bado unahitaji namba mbili.

2. Gesi

Ni ya haraka, haina masizi, na jikoni hulii machozi. Lakini inatokana na mafuta na gesi ya ardhini na huletwa kwa meli, kwa hiyo bei ikitikisika huko nje inatikisika na hapa soko la Kilombero. Kupikia makande kwenye gesi ni kuchoma noti. Songea ugali, kaangia, chemshia chai.

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe Mei 2024, kwa lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania mwaka 2034, mtungi wa kilo 6 umekuwa zawadi ya kawaida kwenye hafla. Ni mwanzo mzuri, ila lile jiko linalokaa juu ya mtungi halipendi mkono wa kusonga, linayumba. Ukiweza, nunua mtungi wa kilo 15 na jiko la mezani. Gawa bei kwa kilo uone mwenyewe upi una nafuu.

Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha kilo za gesi, kisha dai mizani. Ukifika nyumbani paka maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yakikua, rudisha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi.

3. Bayogesi

Aliye Kibosho, Machame au Ngaramtoni na ana ng'ombe wawili wa ndani, kwake hii ndiyo namba moja. Mtambo mdogo wa nyumbani unataka kilo 20 hadi 30 za samadi mbichi kwa siku na maji kiasi hichohicho. Tope linalotoka linaenda migombani, na ni mbolea bora kuliko samadi ya kuanika juani. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, ambao makao yao ni hapahapa Arusha, wamefanya kazi hii miaka mingi. Tafuta fundi aliyefunzwa, kwa sababu kuba la mtambo likivuja umejenga kisima cha kinyesi. Wa mjini, ruka.

4. Jiko banifu la mkaa

Kama mkaa hauepukiki, punguza sado. Chagua lenye udongo uliokaa sawasawa ndani ya bati, usio na ufa, na mlango wa hewa unaofunga kweli. Tanuri la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo kila sado unaloacha kununua ni kuni nyingi zilizobaki mtini. Mkaa mbadala wa pumba au maranda unafaa kwa makande kwa sababu huwaka taratibu. Uliza umetengenezwa na nini, maana mwingine ni makaa ya mawe.

Baridi ya Julai isikudanganye uingize jiko chumbani na kufunga mlango. Hewa yake haina harufu, na inaua.

5. Jiko la indaksheni

Ni jiko la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku. Lina kasi, linapendeza, na halitambui sufuria ya alumini, yaani karibu zote ulizonazo. Nenda dukani na sumaku. Isiponata chini ya sufuria, haitapika. Mimi nilienda bila sumaku. Langu liko juu ya kabati, linauzwa pamoja na sufuria yake moja.