Sungura mwitu: kizimba au pori?

Sungura mwitu walio hatarini kutoweka waokolewe vipi: wazalishwe kizimbani au walindwe porini? Wafugaji wa sungura wa Mbezi na Kimara, Dar es Salaam, wana jibu la haraka: wawekwe vizimbani, wazaane, kazi kwisha. Wanaosomea wanyamapori pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanasema pori kwanza.

Kwa upande wa uhakika wa kufaulu, kizimba kina mashaka. Sungura wa kufugwa hubeba mimba kwa siku 31 hivi na hujaza boksi vitoto. Yule wa kando ya mito ya Karoo, Afrika Kusini, aliye hatarini kabisa kutoweka, kwa kawaida huzaa kimoja au viwili tu. Kumzalisha kizuizini kulijaribiwa, hakukufika mbali.

Lakini pori likishakwisha, utalinda nini? Sungura wa aina ndogo sana (pygmy rabbit) wa Columbia Basin, jimbo la Washington, Marekani, walipokaribia kuisha, 16 walikamatwa kuanzia 2001. Kuzaana ndugu kwa ndugu kuliwadhoofisha, ikabidi wachanganywe na wa jimbo la Idaho. Dume la mwisho la damu halisi lilikufa 2006. Wazao chotara wamerudishwa porini. Bila kizimba wasingekuwepo.

Gharama? Kizimba hula pesa kila siku: malisho, daktari, mlinzi. Pori hudai kumshawishi mwenye shamba asilime ukingo wa mto, na hapo wavu wa kizimba utauona rahisi. Ila kwa matunzo ya kila siku, pori linashinda waziwazi.

Kwa hiyo mnyama akiwa bado ametawanyika mashambani mwa watu, mimi ningeanza na ardhi. Akibaki kwenye kichaka kimoja ambacho moto mmoja unaweza kukimaliza, tafuta kizimba leo, na mtaalamu wa vinasaba pamoja nacho.