Programu ya kutabiri kansa kurudi, miezi mitatu ya kuitumia: nyota tatu kati ya tano

Mi kazi yangu ni kuandaa picha za CT za mapafu kabla daktari hajazisoma, na hii programu nimekaa nayo miezi mitatu, kwaiyo naandika nilichokiona sio cha kwenye tangazo. Jina siliweki. Unaipa CT ya mgonjwa ya kabla ya upasuaji, mnakubaliana mpaka wa uvimbe uko wapi, afu yenyewe inapima umbo, ukubwa na jinsi weusi na weupe ulivyochanganyika mle ndani, vipimo mamia ambavyo jicho halishiki, mwisho inakutolea asilimia ya uwezekano wa kansa kurudi ndani ya miaka miwili.

Kwa spidi naipa sifa zake. Mpaka inauchora yenyewe, wewe unarekebisha tu, na kazi iliyokuwa inanila nusu saa sa hivi ni dakika tano.

Shida ni ile namba. Siku moja kazi imepoa nikachukua uvimbe mmoja wa kama milimita 20, nikachora kwa mkono, mpaka wa kubana, ikatoa 38. Mwenzangu akachora uleule bila kuona wa kwangu, yeye mkono wake mpana, anazoa na ule ukungu wa pembeni, ikatoa 51. Mgonjwa yuleyule picha ileile jamani! Ila ukipiga hesabu sio maajabu, uvimbe wa duara wa milimita 20 ukiuongeza milimita moja tu kila upande ujazo unapanda kwa theluthi nzima. Tukaipa skani hiyohiyo ikiwa imekatwa vipande vyenye unene wa milimita 5 badala ya 1, namba ikahama tena.

Na kuna stori wauzaji hawaigusi. 2014 Hugo Aerts na wenzake walitoa utafiti kwenye Nature Communications, wagonjwa 1,019 wa kansa ya mapafu na ya kichwa na shingo, vipimo 440 vya picha, wakapata alama ya kubashiri mgonjwa ataishi muda gani, watu wakachizika na fani nzima ikashika kasi. 2019 watafiti wengine wakaichukua alama ile wakavuruga makusudi vidoti vya ndani ya uvimbe, yaani mpangilio wote ukafutika, na bado ikabashiri vilevile! Kumbe kwa sehemu kubwa ilikuwa inapima ukubwa wa uvimbe, kitu ambacho rula inakupa.

Ndo maana nikampigia kijana wao wa mauzo, nikamuuliza ukitoa ukubwa wa uvimbe na hatua ya ugonjwa hii yenu inaongeza nini? Kimya, afu akasema atanitumia ripoti. Ripoti ikaja ndefu, imejaa C-index, kipimo cha jinsi programu inavyopatia kubashiri, ile ambayo 0.5 ni sawa na kurusha sarafu na 1 ni kupatia kila mara, ila ukisoma kwa chini unakuta wameijaribu kwa wagonjwa wa hospitali ileile waliyoifundishia. Hiyo ni sawa na mwalimu kutunga mtihani kwa maswali aliyoyafanya ubaoni jana.

Kama mna mtu anaejua Python kidogo, ile lugha ya kuandikia programu, anzeni na 3D Slicer ya kuchorea mpaka na PyRadiomics ya kutolea vipimo, ni za bure na msimbo wake uko wazi unaona kila kipimo kimetokaje. Haziwapi asilimia, modeli mnajenga wenyewe kwa data yenu, kazi ipo.

Kilichoniuma zaidi ni muonekano. Namba inatokea kubwa, nyekundu, katikati ya skrini. Mama mmoja aliiona wakati anapita kuchukua CD yake akaniuliza, "Mwanangu, hiyo 51 ndo siku zilizobaki?" Nikamwambia hapana mama, na hata sio yako, lakini macho yake hayakubanduka pale. Kampuni tumewaandikia waitoe ile rangi, wamejibu itakuja kwenye toleo lijalo. Mi kwa sasa nimegeuza skrini imeangalia ukutani.