Kipimo cha moyo cha saa 24 kwenye kituo kimoja cha Njiro, Arusha: siri iko kwenye jeli ya stika

Kituo hiki cha afya cha binafsi, kilichoko upande wa Njiro, kinastahili sifa kwa jambo ambalo wagonjwa wengi hawalitazami, nalo ni namna wauguzi wake wanavyotunza na kubandika zile stika za kifuani ambazo mashine ya Holter, kile kifaa kidogo ambacho mgonjwa huondoka nacho kikiwa kimevaliwa mwilini, huzitegemea kusoma mapigo ya moyo. Nilimpeleka baba, mwalimu mstaafu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba moyo unamruka usiku. Daktari wake aliagiza arekodiwe kwa saa 24 mfululizo, kwa sababu kipimo cha kawaida cha ECG, yaani cha umeme wa moyo, kile ambacho mgonjwa hulala kitandani kwa dakika chache, hakiwezi kuonyesha zaidi ya yale yanayotokea katika dakika hizo.

Kabla ya hapo baba alikwisha kupimwa kipimo hicho hicho mahali pengine mjini, na majibu yake ndiyo yaliyonifanya nianze kufuatilia habari za stika. Ripoti ilijaa vipande vilivyoelezwa kuwa havisomeki, hasa vya usiku, yaani saa zile zile ambazo mzee alisema moyo unamsumbua. Huko stika zilichukuliwa kwenye pakiti iliyochanwa na kuachwa wazi juu ya meza, zikabandikwa juu ya nywele za kifua bila ngozi kunyolewa wala kusafishwa, na kulipokucha baadhi yake zilikuwa zimening'inia kwenye waya.

Anayetaka kuelewa kwa nini uzembe mdogo kama huo unaharibu kipimo kizima inabidi aitazame stika yenyewe kwa makini. Katikati yake kuna kipande cha jeli laini, na katika stika nyingi za kurekodia kwa muda mrefu jeli hiyo ni hidrojeli, yaani mtandao wa polima (minyororo mirefu ya molekuli) ulionyonya maji yenye chumvi na kuyashikilia bila kuyaacha yatiririke. Umeme wa mwilini husafirishwa na ioni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji, lakini umeme wa kwenye waya husafirishwa na elektroni, kwa hiyo lazima pawepo mahali pa kupokezana. Mahali hapo ni tabaka jembamba la madini ya fedha na kloridi yake lililo nyuma ya jeli. Jeli ndiyo inayolifikisha tabaka hilo kwenye ngozi, na kwa kuwa ni laini, hujikunja na kunyooka pamoja na kifua mtu anapopumua au kugeuka kitandani. Jeli ikikauka, ioni hazina njia, ukinzani unapanda, na kila mtikisiko wa mwili unaandikwa kama wimbi. Baya zaidi ni kwamba mawimbi hayo ya bandia yanaweza kufanana na hitilafu ya kweli ya mapigo, kiasi kwamba hata msomaji mzoefu hulazimika kusita kabla ya kuandika majibu.

Njiro mambo yalifanywa kwa utaratibu. Muuguzi alimwamkia baba, akamweleza kila hatua kabla ya kumgusa, akanyoa sehemu zile tu zilizohitajika, akasafisha ngozi kwa spiriti na kuisubiri ikauke, kisha akaisugua kidogo kwa shashi ili kupunguza seli kavu za juu, ambazo ni kizuizi kikubwa cha umeme. Nilipomwuliza kuhusu stika alinionyesha pakiti ya alumini iliyokuwa bado imefungwa, akaigeuza ili nisome tarehe ya mwisho wa matumizi, na baada ya kutoa alizozihitaji akakunja mdomo wake na kuubana kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Katika mji wenye vumbi na upepo mkavu kama Arusha ya kiangazi, kitendo hicho cha kukunja mdomo wa pakiti nakithamini kuliko viti vizuri vya mapokezi. Aliacha pia waya zilegee kidogo karibu na kila stika na kuzishikiza kwa plasta, ili mvuto wa waya usifike kwenye jeli. Baba alilala navyo, akaenda shambani kutazama migomba yake, akarudi vyote vikiwa mahali pake. Safari hii ripoti ilisomeka usiku kucha, na daktari alikuwa na kitu cha kufanyia kazi.

Inafaa kukumbuka kwamba raha hii ni ya juzi juzi tu. Willem Einthoven, Mholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake ya kurekodi umeme wa moyo, aliwatumbukiza watu mikono na mguu ndani ya vyombo vya maji ya chumvi ili apate mgusano mzuri. Norman Holter wa Marekani, ambaye mashine hii imebeba jina lake, alianza na mtambo wa kubeba mgongoni wenye uzito wa takriban kilo 38. Maji ya chumvi ya Einthoven ndiyo yaliyomo leo ndani ya kipande cha jeli kinachotoshea chini ya kidole gumba.

Utafiti nao haujasimama. Kwa kuwa adui mkubwa wa hidrojeli ni kukauka, watafiti huiongezea gliserini au chumvi zinazoshika maji, au huifunika kwa ngozi nyembamba ya mpira. Mwaka 2022 kundi la mtafiti Xuanhe Zhao wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, lilionyesha kibandiko cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa ultrasaundi (mawimbi ya sauti), chenye hidrojeli iliyofunikwa namna hiyo, kilichokaa mwilini kwa saa 48 na kuonyesha moyo na mapafu yakifanya kazi, ingawa kilihitaji bado kuunganishwa kwa waya na mitambo. Natamani sana siku moja mzee wa Tengeru au Usa River avae kitu kama hicho bila kusafiri mjini, lakini kwa sasa stika ya kawaida iliyotunzwa vizuri inatosha kuokoa kipimo.

Yako mambo ambayo kituo hiki kinapaswa kuyarekebisha. Karatasi ya maelekezo ni ya Kiingereza peke yake, na baba angeweza kuisoma, lakini wazee wengi tuliokaa nao kwenye benchi wasingeweza. Daftari la kuandika saa ambayo mgonjwa amehisi dalili lilitolewa bila maelezo, ilhali ndilo linalomwezesha daktari kulinganisha alichohisi mgonjwa na kilichonaswa na mashine. Habari ya kutooga hadi mashine itolewe tuliambiwa tukiwa mlangoni. Gundi iliyozunguka jeli ilimwachia baba wekundu na mwasho uliotulia baada ya muda, na ingefaa wamwulize kila mgonjwa mapema kama ngozi yake huchukizwa na plasta. Bei si ya kila mtu, nasi tulilipa taslimu kwa kuwa bima ya baba haikupokelewa pale.

Anayepanga kwenda achague siku za mwanzoni mwa juma, kwa kuwa mashine hurudishwa siku inayofuata na mwishoni mwa juma mtu wa kuipokea hakuwapo. Avae shati la vifungo, asijipake mafuta kifuani asubuhi hiyo, na asione haya kuomba aonyeshwe pakiti ya stika kabla haijafunguliwa.