Pakiti ya Kuundia Atomu: Yatosha kwa Kaboni, Yapungua kwa Sodiamu

Pakiti hii, inayouzwa katika baadhi ya maduka ya vifaa vya shule hapa Dar es Salaam, ina shanga kubwa nyekundu na za buluu za protoni na nyutroni, 10 kwa kila rangi, pamoja na shanga ndogo nyeupe za elektroni, waya laini, uzi na gundi. Kwa kaboni inatosha kabisa: protoni 6 na nyutroni 6 hugandishwa pamoja kuwa kiini, kisha elektroni 2 huvishwa kwenye pete ya ndani na 4 kwenye pete ya nje, kwa kufuata wazo la mizingo, yaani njia ambazo elektroni hupita kukizunguka kiini, alilolitoa mwanafizikia Niels Bohr mwaka 1913. Waya ndio uliobora kuliko vyote, kwani mtoto huupinda kwa vidole bila koleo, nao hubaki na umbo lake.

Gundi ni hafifu. Linalonisikitisha zaidi ni uchache wa shanga, kwa sababu sodiamu, ambayo elektroni yake moja ya nje humsaidia mwanafunzi kuelewa jinsi chumvi inavyoundwa, huhitaji protoni 11 na nyutroni 12.

Karatasi ya maelekezo nayo haigusi suala la vipimo. Kiini halisi ni kidogo kuliko atomu nzima kwa takriban mara 100,000, hivyo kiini cha sentimita 1 kingedai atomu yenye upana wa kilomita nzima, na mtoto anastahili kuelezwa hivyo kabla hajaanza kukunja waya. Mzazi mwenye mwanafunzi wa kidato cha kwanza na ainunue, ila aongeze shanga.