Kuvua heda kwenye Pontiac GTO: manifodi ipi ununue, ipi uipite

GTO yangu, gari la Kimarekani, ni ya 1968, injini ya inchi za ujazo 400, na niliinunua ikiwa na heda zilizofungwa na mmoja wa wenyewe wa zamani badala ya manifodi, kile chuma cha kiwandani kinachokusanya moshi unaotoka kwenye silinda. Miezi miwili ya kwanza nilijidanganya kwamba ule mlio ni ubabe wa gari. Siku moja tumesimama kwenye taa, mke wangu, ambaye hajui manifodi ni mnyama gani, akaniambia, "Baba Asha, hili gari lako linakohoa." Ni kweli lilikuwa linakohoa. Gasketi ya upande wa abiria ilikuwa imeungua, na kila nikikanyaga mafuta inapiga tik-tik-tik kama cherehani.

Nilibadilisha gasketi mara tatu kabla sijakubali kushindwa. Heda ni mabomba membamba yenye flanji, lile bamba la kufungia kwenye injini, inayopindika kwa joto, na ikishapinda, gasketi mpya ni kununua muda tu. Mabomba yenyewe yananing'inia chini, kwa hiyo kila tuta unalipanda upande upande. Yanapita karibu sana na stata: ukisimama kujaza mafuta injini ikiwa moto, stata inagoma, unakaa nusu saa ukijifanya unasoma simu. Plagi nazo, kuna moja ambayo sikuwahi kuitoa bila kuacha ngozi ya vidole.

Mwenye kukimbiza gari robo maili aendelee na heda zake, hapo zina kazi. Kwa injini ya 400 iliyobaki karibu na ilivyotoka kiwandani, tofauti ya nguvu unaihisi mizunguko ikiwa juu kabisa, na huko juu gari la matembezi ya Jumapili halifiki mara nyingi.

Kabla hujafungua pochi, piga magoti uangalie tundu za moshi kwenye silinda hedi. Pontiac walikuwa na aina mbili. Injini nyingi zina tundu lenye umbo la herufi D. Chache, zile injini za nguvu zaidi, zina tundu la duara: Ram Air II ya 1968, Ram Air IV ya 1969 na 1970, 455 HO ya 1971 na 1972, na Super Duty 455 ya 1973 na 1974. Manifodi ya duara haikai kwenye hedi ya D, na muuzaji mwenye haraka hatakukumbusha. Angalia pia chesisi. Manifodi iliyotengenezwa kwa Firebird si lazima ipite kwenye GTO, kwa sababu boksi ya usukani na fremu havikai mahali pamoja.

Sasa mpangilio wangu, kwa gari lenye tundu D linalotembea barabarani.

Namba moja ni manifodi mpya za mikono mirefu, zilizosubiwa kwa mfano wa zile walizofunga kwenye injini ya HO ya 1967 na Ram Air III ya 1970. Manifodi ya kawaida ya kiwandani ni kama kisanduku: silinda nne zinatemea moshi kwenye chumba kimoja kifupi, mmoja anamsukuma mwenzake. Hii ya mikono mirefu inaupa moshi nafasi ya kusafiri kabla haujakutana na mwingine. Ni chuma kizito cha kusubu, hakipindi kama flanji ya heda, na ukifungua boneti, asiyejua atadhani gari halijawahi kuguswa. Zipo zenye mdomo wa inchi 2.25 na zenye mdomo wa inchi 2.5. Mimi nilichukua 2.5 nikijua bomba lote la nyuma nitalibadilisha. Kama bomba lako la inchi 2.25 bado zima, usijitafutie gharama, chukua mdomo unaolingana nalo. Bei inauma, lakini unaumia mara moja.

Namba mbili itawashangaza wengine: manifodi za kawaida za kiwandani, mtumba. Waliofunga heda walizivua na kuzitupa pembeni, kwa hiyo zipo nyingi na bei yake haitishi. Zinabana injini kidogo, sibishi, ila kwa mtu anayetaka kuzunguka barabara ya Woodward Avenue, Detroit, taratibu na watoto nyuma zinatosha kabisa.

Mtumba una masharti yake. Kwenye mnada wa spea wa Carlisle, Pennsylvania, nilimwona mzee mmoja akiinua manifodi kwa kamba ya waya, akaigonga kwa nyundo ndogo, ngii, ikalia kama kengele. Akachukua ya pili, akagonga: dup. Akairudisha mezani bila kuuliza bei. Iliyolia dup ina ufa, hata kama macho hayauoni chini ya kutu. Tangu siku hiyo nyundo ndogo inakaa kwenye begi langu. Halafu weka rula ya chuma kwenye uso unaokaa kwenye hedi. Mwanga ukipenya katikati, manifodi imepinda na itabidi ipelekwe kuchongwa, na gharama hiyo uijumlishe kwenye bei kabla hujapeana mkono. Usidhani utaivuta kwa bolti ikae sawa. Chuma cha kusubu hakivutiki, kinapasuka.

Upande wa abiria, tikisa valvu ya joto, kile kipepeo kinachofunga injini ikiwa baridi ili moshi upashe moto chini ya kabureta. Mara nyingi imeganda. Ikiwa imeganda wazi, ishi nayo. Ikiwa imeganda imefunga, ifungue kwanza au uachane nayo, maana injini itapumulia pua moja.

Namba tatu ni mikono mirefu ya asili yenyewe, ile ya miaka hiyo. Ni nzuri, na bei yake ni ya watu wanaopeleka magari mbele ya majaji. Hapo unanunua tarehe iliyosubiwa juu yake zaidi ya chuma: herufi ni mwezi, A ikiwa Januari, zinafuata siku na tarakimu ya mwisho ya mwaka, hivyo C158 ni Machi 15, 1968. Tarehe lazima itangulie siku gari lilipoundwa. Kama hakuna jaji atakayelala chini ya gari lako, pesa hiyo peleka kwenye breki.

Za mwisho ni heda fupi. Zina flanji ileile na gasketi zilezile, wewe umepunguza urefu tu.

Kuna kichekesho cha historia hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Pontiac walitoa manifodi za alumini kwa magari ya mashindano ya Super Duty. Zilikuwa nyepesi, za kukimbia robo maili na kupumzika. Ukiendelea kuzikanyagia barabarani, joto lilikuwa likiziyeyusha. Ukikutana nazo mnadani, piga picha, kisha endelea na safari.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuagiza manifodi peke yake. Zilipofika nikagundua bomba la mbele la heda halina uhusiano wowote nazo: flanji nyingine, pembe nyingine. Gari likakaa juu ya stendi wiki tatu likisubiri mabomba. Kwa hiyo agiza manifodi, mabomba yake mawili ya mbele, gasketi na bolti mpya kwa siku moja, kwa muuzaji mmoja ikiwezekana. Bolti za zamani zipake mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa mfululizo kabla ya kuzigusa. Moja ikikatikia ndani ya hedi, Jumamosi yako imekwisha.

Ukishawasha, tazama plagi baada ya maili mia hivi. Kama kabureta yako ya Quadrajet ilipanuliwa jeti, vile vitundu vya kupitisha mafuta, kwa ajili ya heda, plagi zitatoka nyeusi za masizi, rudisha jeti ndogo. Siku ya kwanza rangi na mafuta ya kiwandani yataungua na kujaza gereji moshi, kwa hiyo fungua mlango kabla majirani hawajaita zimamoto. Liache gari lipoe usiku kucha, na asubuhi, chuma kikiwa baridi, kaza bolti zote tena.