Kompyuta mpya: uiwashe mwenyewe au umpe fundi?
Mwaka huu tumeanzisha laptopu mbili: yangu hapa Chake Chake, kwa mkono wangu, na ya dada yangu Unguja, kwa fundi wa Darajani.

Yangu ilinikesha. Windows 11 Home hutaka intaneti na akaunti ya Microsoft tangu hatua za mwanzo. Nikaiunganisha na simu, masasisho yakaanza kushuka, bando la wiki likaisha kabla ya saa sita usiku. Nikanunua jengine. Halafu umeme ukakatika. Betri ndiyo iliyoniokoa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa chenye betri ya akiba) ingezimika katikati ya kazi.

Ya dada ilirudi siku ya pili, tayari. Raha, nakubali. Lakini akaunti ilikuwa ya fundi, na nenosiri analijua yeye. Hili linaniuma sana, kwani mle mna picha za watoto na vyeti vya skuli. Tena Windows 11 mara nyingi huifunga diski kwa usimbaji, yaani vilivyomo havisomeki bila ufunguo, na ufunguo wa dharura huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Siku kompyuta ikiuliza ufunguo, umtafute fundi wapi? Tuliifuta yote, tukaanza upya.

Mimi nachagua nyumbani. Asiyeweza aende kwa fundi, ila akae naye pale pale, aandike barua pepe na nenosiri lake mwenyewe. Na ukitumia bando, ukishaingia tu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi uonyeshe kuwa intaneti yako ni ya kupimwa (metered), yaani ya bando lenye kikomo; upakuaji mwingi husubiri.